Muuaji Niliyemjua Kabla ya Wenzangu

Nakumbuka alasiri moja ya likizo ya Disemba, hapa Kisauni, joto limetukalia kifuani, nami nina riwaya ya mauaji mkononi na moyo unanidunda kama wa mwizi. Mwanangu, mie si mzee. Mama yako ni dada yangu. Lakini kosa hili nililifanya mapema, acha nikusimulie.

Nyanya yangu alikuwa na mtoto wa jicho. Kila likizo nilimsomea riwaya za upelelezi, yeye na jirani yetu Bi Rukia, huku wakichambua mchele. Starehe hiyo waliingoja mwaka mzima. Nami naogopa kukosea, hata leo. Niliona aibu kukwama kwenye neno mbele yao, basi likizo ile nikakisoma kitabu chote kwa siri, nikirudia sentensi ngumu mbele ya kioo.

Tulipofika sura ya tano, Bi Rukia alikuwa akiapa.

"Wallahi ni mke wa marehemu. Mjane gani hutia wanja edani?"

Nyanya akaweka ungo chini. "Usijichoshe, Rukia. Ni yule muuza dawa."

"Wajuaje?"

"Msomaji wetu kila akimfikia humeza mate." Kisha akaniita.

"Abee, Nyanya."

"Umekwisha kukisoma?"

"Ndiyo. Nilitaka nikusomee vizuri."

"Mie nilitaka tupotee sote. Wewe umekwenda ukarudi, sasa wanitazama nikipapasa."

Siku tatu mchele ulichambuliwa bila riwaya. Sijapata kuona siku ndefu vile. Ya nne nikaazima kitabu kingine, nikamwapia kuwa sijakifunua. Ukurasa wa kwanza tu nikakwama mara mbili, Nyanya akacheka. Kufika sura ya nne nilikuwa nimesimama, nywele zimenisisimka, nashikilia kuwa muuaji ni mpishi.

"Soma mbele, msomi," akasema Bi Rukia.

Nikasoma. Mpishi alikutwa amekufa jikoni.

"Haya, mshukiwa wako ndiye maiti wa leo."

Tulicheka mpaka machozi, na wali wa usiku ule ukaungua.

Mwanangu, kutangulia si kufika. Likizo hii ukipata riwaya ya upelelezi, usichungulie mwisho. Shuku ovyo, kosea kwa sauti, na utafute wa kukosea naye. Mungu akupe vitabu vya kukunyima usingizi, na karibu nawe akuwekee mtu wa kuuliza, "Enhe, kisha?" Amin.