Injini Niliyoinyamazisha kwa Oili Nzito

Nimefundisha fizikia miaka mingi mjini Njombe. Kila mwaka tukifika kwenye somo la mnato nachukua chupa mbili, moja ya asali na nyingine ya mafuta ya alizeti, naziinamisha mbele ya darasa. Asubuhi za Julai asali inagoma kabisa kutoka, na wanafunzi wanacheka. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba sikujua.

Gari lilikuwa dogo, la Kijapani, nililolinunua likiwa limetumika. Lilinipeleka kazini na kwenye shamba langu la viazi Igwachanya kwa miaka sita bila kunisumbua. Mwaka wa saba injini ikaanza kugonga. Mwanzoni iligonga likipanda mlima tu, baadaye hata likiwa limesimama. Nikaenda nalo Makambako kwa fundi mmoja mzee, mpole wa maneno, ambaye watu wa kwetu walimwamini. Alichukua bisibisi ndefu, akagusisha ncha kwenye injini na mpini akauweka sikioni, akasikiliza. Akaniambia beringi za chini zimekwisha, injini inatakiwa ifunguliwe.

Nilimwambia sitaki kuifungua, nataka kuliuza gari. Nikamuuliza kama oili nzito isingesaidia, maana muuza spea wa jirani alinishauri niachane na ile nyepesi ya tano-thelathini, niweke ishirini-hamsini.

Fundi alifuta mikono muda mrefu. Kisha akanieleza jambo ambalo mimi ndiye ninayelipwa kulieleza: namba ya kwanza inahusu injini ikiwa baridi, ya pili inahusu injini ikishapata moto. Injini kama hii njia zake za oili ni nyembamba. Ukiitilia nzito, asubuhi ya baridi oili inachelewa kupanda, na vyuma vinasagana vikavu.

"Itanyamaza, mwalimu," alisema. "Lakini kunyamaza si kupona. Na baridi ikishika, haitastahimili."

Nikamwambia aweke nzito. Akaweka, tukawasha, na ule mlio ukapotea. Nilirudi Njombe nimeshusha kioo ili nisikie vizuri, na njia nzima nilikuwa na furaha. Furaha ile inanitesa kuliko mengine yote.

Aliyelinunua alikuwa rafiki yangu. Tulisoma pamoja sekondari ya Kidugala, tukalala kitanda kimoja cha juu na chini, na binti yake alipobatizwa mimi ndiye niliyesimama kama msimamizi wake. Alikuwa amerudi kwao Matembwe, analima na kupasua mbao. Mke wake alikuwa na kisukari, na mguuni alikuwa na kidonda kilichotakiwa kusafishwa mjini mara mbili kwa wiki. Kupanda bodaboda kila safari kulimtesa, ndiyo maana wakatafuta gari. Walikuwapo wanunuzi wengine, watu nisiowajua. Ningeweza kumwambia kwamba limeshachukuliwa.

Alikuja mwezi Mei. Hakuwa mtu wa magari, lakini alikuwa mtu wa kusoma chochote kilichoandikwa. Alifungua boneti, akainama, akasoma kifuniko cha kujazia oili.

"Hapa wameandika tano-thelathini," alisema. "Ndiyo iliyomo?"

Nilisimama naye bega kwa bega. Nikamwambia kwamba hiyo ni hesabu ya Wajapani na barabara zao, kwamba injini ikizeeka hutaka oili nzito, na kwamba asije akaibadilisha kwa kusikiliza mafundi wa njiani.

"Wewe ndiye mwalimu," alisema, akafunga boneti.

Juni baridi iliposhika alinipigia mara moja, akauliza kwa nini ile taa nyekundu ya oili inachelewa kuzimika asubuhi. Nikamjibu aiache injini ipate moto kwanza. Julai akapiga tena. Walikuwa wanapandisha kilima kuja Njombe, mke wake amekaa kiti cha nyuma na mguu ameunyoosha, injini ikagonga mara chache kisha ikakwama. Hakulalamika. Alisema tu kwamba gari limekufa. Nikampa pole, nikaongeza kwamba magari ndivyo yalivyo.

Wakarudi kwenye bodaboda. Mvua zilipoanza njia ikawa matope, safari mbili kwa wiki zikawa moja, na wiki nyingine hawakwenda kabisa. Januari mwalimu mwenzangu anayetoka upande ule aliniambia, tukiwa tunasahihisha madaftari, kwamba mama yule amekatwa mguu chini ya goti. Niliendelea kuweka alama za vema kwenye daftari lililokuwa mbele yangu. Baadaye niligundua kwamba nilikuwa nimepitisha majibu yote, hata ya makosa.

Sijui kama mguu ule ungepona hata gari lingekuwepo. Nilimuuliza muuguzi ninayemfahamu, bila kumwambia sababu, naye akasema vidonda vya sukari havina ahadi. Nilitaka jibu hilo linitue mzigo. Halikunitua.

Februari nilikwenda Matembwe na gunia la viazi. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na jiko, kitenge kimefunika pale mguu ulipoishia. Alinisalimu kwa furaha, "Kamwene, baba," akaagiza nipewe chai. Akasema nisishangae kuona kuku wanatagia ndani ya gari langu la zamani.

"Mzee huyu ndiye aliyeliua," alisema, akimwonyesha mume wake kwa kidevu. "Aliliendesha kama ng'ombe wa kukokota magogo."

Mume wake alitazama chini, akanimiminia chai.

Alinisindikiza nje. Tulipofika karibu na gari nilianza kusema kuhusu oili. Hakuniacha nimalize.

"Najua," alisema. "Fundi aliyefungua injini alinionyesha. Najua tangu Agosti."

Nilimuuliza kwa nini hakunipigia. Akasema alikuwa akisubiri nipige mimi. Nikamwambia nataka kurudi ndani nimwambie mama ukweli, hata kama atanifukuza. Akanishika mkono, si kwa hasira, lakini kwa nguvu.

"Ukimwambia, wewe utarudi Njombe umepumua," alisema. "Yeye atabaki hapa bila mguu, na bila mtu aliyemwamini. Mwache adhani ni mimi. Binti yetu ana msimamizi mmoja tu."

Alinifikisha barabarani, akasimama nami hadi nilipopata usafiri, kama anavyosimama mtu yeyote na mgeni wake. Tuliongea habari za mbolea. Nilipopanda aliinua mkono, nami nikainua wangu. Nililia kimya hadi Njombe, nimegeuzia uso dirishani, na abiria aliyekaa pembeni yangu akaniuliza kama natoka msibani. Nikamwambia ndiyo.

Tangu siku hiyo hapigi simu. Nikimwandikia ujumbe kuuliza hali ya mama, anajibu kwa neno moja, "Tunaendelea." Juni nilimwomba niwatembelee tena, walau Jumapili moja. Alijibu baada ya siku tatu kwamba barabara bado ni mbaya, nisihangaike.

Mvua zilikuwa zimekwisha tangu Mei. Sikumwandikia tena.