Fundi Vigae Anayetaja Likizo Kabla ya Bei

Saa mbili na robo asubuhi, fundi amepiga magoti kwenye bafu la watu asiowafahamu. Anagonga kigae kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole huku ametega sikio. Chenye sauti nzito kimeshika. Kinacholia kama debe tupu kimeachia, na hapa vingi vinalia debe.

Mwenye nyumba, mwalimu wa sekondari, amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai. Mkewe anachungulia nyuma ya bega lake.

"Vyote vitang'oka," fundi anasema akijikung'uta vumbi magotini. "Na sakafu tuilaze upande huu, maji yanasimama."

"Sawa. Bei gani?" mwalimu anauliza.

"Bei nitakwambia, mwalimu. Kwanza nikwambie jingine. Mwezi ujao, wiki mbili za mwisho, sipo. Nakwenda likizo na familia yangu. Nikianza Jumatatu hii, namaliza kabla. La sivyo mnisubiri nirudi. Siwezi kuwavunjia bafu halafu niondoke."

Mke wa mwalimu anacheka, si kwa ubaya.

"Kumbe fundi naye ana likizo?"

"Anayo, mama. Anajipa mwenyewe."

Wateja na mafundi wenzake humwita Pimamaji, kwa jina la kile kipimo chenye kiputo ambacho hakimtoki mkononi. Ni mama wa watoto watatu, mwenye miaka arobaini na moja. Kazi alifundishwa na kaka yake. Hana kampuni wala mwajiri. Mteja mmoja akiridhika humpeleka kwa mwingine.

Mumewe ni fundi mitambo kwenye meli za mizigo. Kampuni humpa likizo mara moja kwa mwaka, na tarehe zikishapangwa hazisogei.

"Watoto wanamjua baba yao kwa simu," anasema Pimamaji. "Yule mdogo simu ikilia tu anaita 'Baba!', hata akiwa ni mtu anauliza bei ya saruji."

Mwaka juzi alipata kazi kwa muuguzi mstaafu anayeishi na mama yake mzee. Ilionekana kazi ya siku chache, na likizo ilikuwa bado. Hakusema kitu.

"Niliogopa. Kazi zilikuwa haba. Nikajisemea, nikitaja safari atatafuta mwingine. Nimalize tu, hatajua."

Sakafu ilipong'olewa, chini yake likaonekana bomba lililooza, limevuja hadi ukuta wa chumba cha pili. Fundi bomba akawa wa leo-kesho. Mume akafika nyumbani na mabegi yake, bafu la watu bado ni shimo. Jioni ile ndipo Pimamaji alipomweleza yule muuguzi.

"Hakupiga kelele. Alinionyesha mama yake ameketi kitandani, akaniambia, 'Mwanangu, ungenieleza siku ya kwanza, ningempeleka mama kwa mdogo wangu, au tungengoja. Wewe ulijua. Mimi ndiye sikujua.' Nilitamani sakafu inimeze, na sakafu yenyewe haikuwepo."

Alibaki. Mume na watoto walikwenda peke yao kwenye nyumba ya wageni kando ya ziwa, chumba walichokuwa wamekilipia tangu mwanzo wa mwaka. Aliwafuata zikiwa zimebaki siku mbili.

"Nilikuta wameshajifunza kuogelea. Wakanionyesha, nikapiga makofi mpaka viganja vikauma. Lakini siku ile ya kwanza walipoelea, sikuwepo. Hiyo hairudi."

Mumewe, aliyezungumza na mwandishi kwa simu, anasema hawakugombana. "Nilimuuliza tu, 'Tarehe zangu kampuni inazijua mapema. Wewe bosi wako nani hata umwogope hivyo?'"

Baada ya hapo Pimamaji akazidisha uwazi. Mteja akipiga simu, kabla salamu haijakwisha anaambiwa fundi atasafiri. Wengi walijibu, "Sawa fundi, nitakupigia," na hawakupiga. Mwezi mzima alishinda akiziba nyufa za jikoni kwa majirani. Mdogo wake, msusi, ndiye aliyemkalisha chini.

"Dada, unaachana na mtu kabla hamjachumbiana," alimwambia. "Mwache kwanza akuone."

Sasa amepata mahali pa kusemea: akishakagua kazi, kabla ya kutaja bei.

"Hapo ameshaniona nimechafuka magoti, anajua nina nia. Na hajanipa kitu, kwa hiyo ana uhuru wa kukataa. Nikisema baada ya kushika malipo ya awali, hapo nimemfunga kamba."

Fundi rangi anayefanya naye kazi mara kwa mara anaona anajisumbua. "Mimi nikitaka kupumzika, nafiwa," anasema bila aibu. "Shangazi yangu mmoja nimemzika mara tatu, na juzi kanipigia kunisalimia."

Pimamaji hacheki. "Ukifiwa wanakupa pole na wanakungoja. Ukisema unakwenda kukaa na wanao, wanakuona mvivu, ndiyo maana watu wanadanganya. Lakini siku akifiwa kweli, atasema nini?"

Hafichi kwamba bado kuna wateja wanaomkimbia. Na leo, kwa mwalimu, mambo hayaendi vizuri.

Wenye nyumba wanarudi kutoka koridoni walikokuwa wakinong'ona. Jumatatu hawawezi, fedha watazipata katikati ya mwezi ujao. Kungoja nako hawawezi. Mama mzazi wa mke amefanyiwa upasuaji wa nyonga na anahamia kwao mwanzo wa mwezi unaofuata huo.

"Kwa hiyo zile wiki zako mbili ndizo tunazozitaka," mke anasema. "Usingetuambia, mama angefika akakuta shimo."

"Basi kazi hii si yangu," Pimamaji anajibu. Anatoa simu. "Lakini yupo mwenzangu, binti niliyemfundisha mwenyewe. Aje kesho mumwone. Msipompenda, mwambieni."

Nje ya geti anakiri kwamba imemuuma; kazi ile ingelipa ada ya muhula mzima. Ila ana mpango. Anataka yeye na huyo binti waungane, wapange chumba kimoja cha kuwekea vifaa, na mteja awajue wote wawili tangu siku ya kwanza, ili mmoja akiondoka mwingine ashike.

Binti mwenyewe ana mimba ya miezi minne na hajamweleza mteja hata mmoja.

"Huyu bafu la mwalimu atalimaliza vizuri tu, nguvu anazo," Pimamaji anasema akipandisha mkoba wa vifaa begani. "Lakini nimemwambia kesho akifika pale aanze kusema, kabla tumbo halijasema lenyewe."