Nilisafiri na Jina la Mudogo Wangu

Nilikosa, na sitawazungusha. Kocha alikuwa mo ndani, papa yangu alijua akanyamaza, lakini kosa iko yangu. Nawaambia nyinyi wenye hamunijui, sababu wenye kunijua hawawezi tena kuniangalia mu macho.

Mimi mutoto wa Bukavu, wa Kadutu. Nilikuwaka muchezaji wa tenisi wa kulipwa. Musinitafute kati ya wale wakubwa wa ku televizyo! Kuko sisi wengine, wa chini kabisa mu orodha ya dunia, wenye tunalala watatu mu chumba kimoja, tunafua sketi ile ile kila siku, na tunaokota mipira yetu wenyewe. Mutu wa kutuangalia iko mama wa ule tunacheza naye, basi.

Papa alikuwaka mulinzi wa kiwanja cha klabu moja pembeni ya ziwa. Njo yeye alikuwa anatwanga matofali na kuchekecha ule unga mwekundu wa kumwaga ku kiwanja. Mimi nilianza kwa kuokotea wakubwa mipira. Kisha kocha wa hiyo klabu akanipatia raketi yake ya zamani, akasema mukono wangu wa kushoto utanifikisha mbali.

Nilipokuwa na miaka kumi na saba, nafasi ikakuja. Kituo kimoja cha mazoezi Nairobi kilikuwa kinatafuta wasichana wa chini ya miaka kumi na tano. Kocha akaniuliza, akicheka, kama mu nyumba yetu hakuna mutoto wa miaka hiyo. Alikuwako. Mudogo wangu, nitamuita Nsimire, alikuwa na kumi na nne.

Mutu wa kwetu haitaji nimueleze zaidi. Kupunguza miaka mu michezo, kila mutu anafanya. Wacheza mupira wa miguu wanapunguza, wakimbiaji wanapunguza, na hakuna mwenye anaenda kuungama hiyo kwa padri. Maman alikuwaka anachunga karatasi zetu za kuzaliwa mu mukebe wa biskuti, juu ya kabati. Nilingoja aende ku soko, nikatoa ya Nsimire.

Nsimire mwenyewe akanikuta na karatasi mu mukono. Nikamwambia ukweli. Akacheka tu, akaniita yaya, vile mudogo anaitaka dada yake mukubwa.

"Chukua, yaya. Mimi sina safari."

Tangu siku hiyo, inje ya Kongo nilikuwa Nsimire. Pasipoti ilikuwa Nsimire. Arbitre mwenye kuchezesha mechi akiita Nsimire, ni mimi nasimama. Mwanzoni nilikuwa nachelewa kuitika, wasichana wengine wakafikiri nina masikio mabaya. Na miaka ilipopita, nilipofika umri wa kucheza na wakubwa, jina lilikuwa tayari mu orodha na pointi zake. Nani angeacha pointi?

Nyumbani, Nsimire alifanya ile mambo kuwa mucheko. Atakuwa anamenya muhogo, kisha anajinyoosha mugongo: leo amechoka sana, alicheza seti tatu Lagos! Kila lundi, ile Jumatatu orodha mupya ya dunia inatoka, alitafuta jina lake mu simu na kuniandikia: tumepanda, yaya. Ao tumeshuka. Mara nyingi tulishuka.

Kisha moyo wake ukaanza kumusumbua. Akipanda kidogo ile milima ya Kadutu, pumzi inaisha. Miguu ikavimba. Waganga wa hospitali wakasema mu moyo kuko mulango mumoja wenye haufungi vizuri, lazima apasuliwe, na hapa hawawezi. Watu wa parokia walihangaika mpaka wakapata hospitali moja kule Inde, kwa Wahindi, yenye ilikubali kumupokea, na siku ikapangwa. Ilibaki pasipoti tu.

Alienda na maman ku ofisi ya pasipoti. Alipotoa jina na kuweka vidole ku mashini, ule mutu wa ofisi akageuza ekra ya kompyuta ili na wao waone. Jina hilo, tarehe hiyo, papa na maman hao hao, tayari viko na pasipoti. Na sura iko yangu. Maman aliniona pale, nimesuka nywele, namuangalia.

Mungu wangu!

Ule mutu wa ofisi hakuwafukuza. Aliwaambia wamulete mwenye ile sura, na pasipoti yake, aseme ukweli mbele yake, njo waanze kurekebisha. Maman akanipigia saa ile ile. Nilikuwa Nairobi, nimeanza mashindano ya wiki mbili. Aliniambia yote pole pole, bila hasira, na mwisho akaniomba nikuje.

Kocha akasema nisikimbie kurudi. Nikisema ukweli, jina linafutwa, pointi zote zinaenda, na mimi sitacheza tena mahali popote. Basi nimalize kwanza hizi wiki mbili. Nsimire amekaa na huo moyo miaka, wiki mbili haiwezi kumuua.

Na mimi nikakubali! Hapa njo zambi yangu iko. Karatasi nilichukua nikiwa mutoto, na mwenyewe alinipatia. Lakini zile wiki mbili nilichukua nikiwa mutu mukubwa, mwenye akili, na hakuna mwenye alinipatia. Nilimwambia maman nimalize tu hizi mechi, nakuja.

Wiki ya kwanza nilishinda mechi moja. Moja! Nilipata pointi moja, nikapiga magoti ku kiwanja, nikalia kwa furaha. Wiki ya pili mutoto mumoja wa miaka kumi na sita, yeye wa kweli, alinipiga upesi upesi mpaka nikapata aibu.

Nikapanda basi, nikavuka Ruzizi, ule muto wa mupaka, na mufuko wa raketi ku mugongo. Nilimukuta Nsimire amekaa ku kitanda, mito mitatu nyuma yake, sababu akilala chini anakosa pumzi. Uso ulikuwa umebaki mudogo sawa wa mutoto wa shule ya primeri.

"Tulishinda moja," akasema. "Niliona."

Nikatua mufuko wa raketi chini. Akanishika mukono, vidole baridi.

"Yaya, sasa mimi niko na safari."

Hakuwa ananilaumu. Ni hiyo yenye inaniua. Alikuwa ananiarifu tu.

Kesho yake asubui nilienda ku ofisi, nikatoa pasipoti, nikasema yote. Ule mutu wa ofisi aliandika bila kunitukana. Akasema dosie ya karatasi zetu lazima iende Kinshasa, tungoje. Tukangoja. Siku ya upasuaji ikapita, hospitali ikatoa ingine, na hiyo haikumukuta. Nsimire alikufa asubui moja, maman akiwa anamupulizia uji upoe. Alikuwa na miaka makumi mbili na tatu.

Watu wa huruma wananiambia hata ningekuja mara moja, Kinshasa ingechelewa tu. Inawezekana. Lakini zile wiki mbili zilikuwa za Nsimire, na mimi nilizicheza.

Papa hajanigombeza hata siku moja. Raketi zangu ziko mu kona ya salon ya nyumba, anazipita sawa vile hazioni. Kocha yeye alipiga simu kuuliza kama nitatafuta karatasi ingine. Nilikata.

Wasichana wenye muko na mukono muzuri, nawaomba, chezeni na miaka yenu. Kama nafasi inawapita, iache ipite, mutalia wiki moja. Na nyinyi wazazi wenye muko na mukebe wa karatasi juu ya kabati, muufungie. Ule mutoto mwenye anasema hana safari, hajui.

Wenye kuchunga orodha ya dunia, hakuna mwenye amewaambia kwamba Nsimire alikufa, wala maneno ya pasipoti. Jina lingali mo. Kila lundi maman anakaa pembeni yangu, anafuta miwani, ananiuliza: "Angali mo?" Ninamuonesha. Anaweka kidole ku jina, anasema aksanti, anarudia kazi yake.

Pointi ya tenisi inakaa mwaka mumoja, kisha inatoka. Ile ya Nairobi njo ilibaki ya mwisho; ikitoka, na jina linatoka mu orodha. Maman hajui, na sijapata bado namna ya kumwambia.