Siku Wabunge Walipokuja Kutuuliza Habari za Polisi

Josho la Nangwa tulilijenga kwa mawe ya mlimani, wakati huo bado nina nguvu. Siku ya kulifungua, ng'ombe wa kwanza aligoma, akarudi kinyumenyume, akamsukumia bwana mifugo ndani ya dawa na kofia yake. Alitoka macho mekundu kama mlevi, nasi tukacheka mpaka akatufukuza. Josho lenyewe limekufa siku nyingi, limeota mibono. Nimelitaja kwa sababu mawe yale niliyabeba na rafiki yangu mmoja, yeye mbele mimi nyuma, na habari hii ni yake. Darasa la tatu ndilo nililoishia, kwa hiyo mnivumilie.

Rafiki yangu ana mtoto wa kiume mmoja tu. Mke wa kijana huyo alijifungua, mtoto akafa kabla ya kupewa jina. Kwetu sisi, nyumba ikipatwa na hilo inakaa kando. Hampeani mikono na watu, hamnywi chombo kimoja nao, kisima cha wote hamkisogelei, mpaka wazee wawatakase. Siku hizi wengi wameacha, na mchungaji wa kanisani anatusema sana, lakini familia ile haikuacha. Kijana akateremka na ng'ombe Yaeda Chini, akakaa porini peke yake, asimchafue mtu.

Huko ndiko askari walikomkuta. Walikuwa wanatafuta magaidi. Mchunga ng'ombe mmoja aliyekuwa karibu alituambia: walimsalimu, akarudi nyuma. Wakampa maji ya chupa, akakataa. Wakamuuliza anajificha nini, akanyamaza, maana msiba ule mwenye nao hausemi mbele ya mgeni. Wakamchukua. Baba yake akaenda kituoni, akavunja mwiko akaeleza yote, wakamtuma Babati. Babati wakamwambia suala hilo liko juu. Masika yakapita, na mengine yakapita.

Ndipo likaja tangazo kwamba kamati ya wabunge itakaa Katesh, isikilize kama polisi wanazitumia vizuri nguvu walizopewa na sheria ya ugaidi. Tukaenda wote wawili. Ukumbi ulijaa, lakini rafiki yangu alisimama mlangoni. Nyumba yake haijatakaswa bado, na itatakaswaje kijana hayupo?

"Mzee, karibu ndani, viti vipo," akasema mwenyekiti.

"Hapa panatosha."

"Si angebaki kwake!" bibi mmoja akanong'ona nyuma yangu. "Atatuletea mabalaa huyu."

Rafiki yangu akasema, "Waheshimiwa, mimi sheria siijui. Mwanangu yuko wapi?"

"Pole sana, mzee wangu," mwenyekiti akasema. "Ila hatukuja kwa kesi ya mtu mmoja. Tunaangalia sheria kwa ujumla."

"Huyo Ujumla naye kakamatwa?" mtu akauliza, ukumbi ukacheka. Rafiki yangu hakucheka.

Mbunge mmoja, mama mtu mzima, akamgeukia mkubwa wa polisi aliyekaa mezani pamoja nao. "Afande, kijana huyo mnaye?"

"Mheshimiwa, hayo ni mambo ya usalama. Siwezi kuyajibu hapa."

"Bunge ndilo linalowasimamia. Usipotujibu sisi, utamjibu nani?"

"Nikipata kibali cha wakubwa wangu, mheshimiwa."

"Yuko hai?"

"Nikipata kibali."

Yule mama akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama saa, akasema hoja imepokelewa, sasa twende chai.

Nje, mwenyekiti mwenyewe, kwa huruma tu, akamletea rafiki yangu maji ya chupa. "Kunywa mzee, jua kali." Rafiki yangu akarudi nyuma, mikono mgongoni. Afande alikuwa amesimama na andazi lake. Akaacha kutafuna.

Nikawahi kusema, "Ni mila, afande. Ana msiba."

"Mila gani ya kukataa maji?"

Nikaanza kumweleza habari za mtoto, za kisima, za kukaa kando. Akasikiliza, kichwa kimeinama upande.

"Mbona hamkusema mapema?"

"Tulisema. Kituoni tulisema."

Rafiki yangu akaniambia kwa lugha yetu, "Kumbe hata hawa wakubwa hawaambiwi."

Akachukua fimbo yake. Nilidhani anatafuta kivuli. Akapita katikati ya magari ya waheshimiwa, akashika barabara ya Singida, iendayo Dodoma kwa wakubwa, si ile ya kwao. Nikamwita mara mbili. Hakugeuka, na hajarudi.