Mishale iliyolala tangu kilio

Leo gari la marehemu mume wangu limewaka vizuri, lakini mishale yote ya dashibodi imelala.

Mafuta, joto, chaji: hakuna hata mmoja ulioinuka.

Tangu tumzike, hakuna aliyeliendesha. Mimi nilitaka lipeleke maharagwe yangu Beni kesho.

Shemeki Paluku, mdogo wa marehemu, akabadilisha fyuzi. Bure. Akagonga kioo. Bure.

"Mama Kavira, tablo hii ya mishale imekufa. Uuzishe tu hii gari, itakusumbua."

Sitaki kuliuza.

Kisha nikakumbuka siku za kilio, hapa nyumbani Butembo. Umeme ulikatika, basi tukatoa betri ya gari ili wafiwa wapate taa.

"Paluku, ni nani alirudisha betri?"

"Ni mimi."

"Na kale kawaya kadogo, ulikafunga?"

Tukafungua boneti. Waya mdogo unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi ya gari ulikuwa unaning'inia tu.

"Eeh! Mais mama, siku ile nilikuwa nalia!"

Tulicheka mpaka jirani akachungulia. (Ni mara ya kwanza kucheka hivyo katika ua huu tangu kilio.)

Akaufunga, nikawasha. Mishale ikainuka yote. Ule wa mafuta ukasimama kwenye nusu.

Hapo nikazima kicheko. Mafuta hayo aliyatia marehemu mwenyewe, kabla hajaugua.

Paluku anasema tujaze kwanza ndipo niondoke. Nimekataa. Nusu aliyoniachia inafika Beni.

Nanyi mliofiwa, mngejaza?