Sura Moja kwa Wanachama Arobaini na Wawili

Niliapa kutolisema hili, lakini kwa kuwa Mama Zuhura ameshalisambaza mpaka Mwadui, na kila akilisimulia analiongezea chumvi, bora niliandike mwenyewe kwa mkono wangu huu wa darasa la tatu, mjue kwamba aibu ilinipata ila si kubwa kama anavyosema (ni kubwa, lakini si kama anavyosema).

Nilikuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha kufaana hapa Ngokolo. Tuko wanawake arobaini na wawili, tuna masufuria, maturubai na majamvi, ukipata msiba au harusi unaazima. Miaka yote daftari lilikuwa kichwa changu: sufuria lenye rangi nyekundu kitakoni liko kwa Minza, turubai lililotoboka liko kwa Nyanzobe mke wa fundi baiskeli, simsahau mtu. Mjukuu wangu Kabula, aliyesomea kompyuta Mwanza, akasema, "Bibi, siku ukiondoka masufuria yataondoka na wewe," akatutengenezea programu ya kufungua kwenye simu. Alisema ameiandika kwa Java, lugha ya kompyuta, juu ya fremu iliyokwisha kusimama, yeye anajaza tu, kama nyumba iliyoezekwa inayongoja kukandikwa. Kila aina ya kitu ina kipicha chake, wanakiita aikoni, ili sisi tusiosoma vizuri tuone sufuria tujue ni sufuria.

Hapo ndipo nilipopewa cheo kilichoniponza, cha kubadili picha. Sufuria la kwenye aikoni yake lilikuwa la kizungu, lina mkono mmoja na mfuniko wa kioo. Nikamwambia sufuria la namna hiyo haliivishi ugali wa msiba. Akacheka, akanifundisha: piga picha, iweke kwenye folda hii, ipe jina la aina ya kitu, programu itaiokota yenyewe. Akasema pia, nakumbuka neno kwa neno, "Bibi, picha moja ni ya aina nzima, siyo ya kitu kimoja." Nikaitikia kama watu wanavyoitikia mahubiri. Nikabadili sufuria, nikabadili turubai, nikabadili jamvi, kidole kikazoea.

Siku moja kabla ya kuwaonyesha programu wanachama na wageni, Kabula yuko sokoni, nikaona aikoni ya mwanachama: kichwa cha mwanamume mwenye kipara. Na sisi ni wanawake watupu. Nikachukua picha yangu ya harusi ya Mwadui, nimevaa kitenge cha zambarau na miwani nyeusi ya kuazima (mwenyewe ni Holo, hajarudishiwa mpaka leo), nikaiweka pale pa kipara. Nilidhani itakaa kwenye jina langu tu. Kabula aliporudi sikumwambia, nilitaka ashtuke kwa furaha.

Kesho yake asubuhi ukumbi ulijaa. Walikuja wageni wanne kutoka Bulyanhulu, wanawake wanaopikia wachimbaji, wakiongozwa na Mama Masalu. Wakiipenda, Kabula angewatengenezea na ya kwao, na hiyo ingekuwa kazi yake ya kwanza tangu amalize chuo, mwaka wa pili anakaa nyumbani. Projekta ikawashwa. Sufuria likapigiwa makofi, turubai likapigiwa vigelegele. Kabula akabonyeza "Wanachama".

Nikatokea mimi. Nikatabasamu. Chini yangu nikatokea mimi tena, halafu mimi, halafu mimi, miwani nyeusi mpaka mwisho wa ukuta. Minza ana uso wangu, Nyanzobe ana uso wangu, na katibu wetu Mama Zuhura, naye ana uso wangu.

"Mwenyekiti," akasema Mama Zuhura taratibu, "uchaguzi ni mwezi ujao, naona umeshajipigia kura zote."

Wengine walicheka, wengine hawakucheka. Mama Masalu akamuuliza Kabula, "Mwanangu, imeharibika?" Kabula akanitazama. Nami, Mungu anisamehe, nikasema, "Watoto wa siku hizi wana haraka. Amekosea mahali."

Kabula akabonyeza popote ili atoke pale, akaangukia "Waliotangulia". Programu yake ina adabu: mwanachama akifariki, picha yake hufifia rangi. Basi nikatokea mara sita, marehemu.

Sasa Mama Zuhura asili yake ni Pwani, ni mtani wangu, na mnajua msiba wa mtani ulivyo: yeye ndiye humwigiza marehemu, wala hazuiliwi. Akaangua kilio, akachukua fimbo yangu, akakokota mguu kama mimi, akasimama mbele ya ukuta na kusema kwa Kiswahili changu chenye Usukuma ndani, "Mimi sijui kitu, mayu. Ni huyu mtoto. Ana haraka."

Ukumbi mzima hoi. Ila nilimwona Kabula anafunga laptopu, na Mama Masalu ameshashika mkoba wake. Kicheko kile kilikuwa kinamzika yeye, siyo mimi.

Nikasimama bila fimbo. "Mtani, marehemu amedanganya. Kabula hajakosea. Picha nimeiweka mimi, jana, yeye akiwa sokoni, na alikuwa ameshaniambia picha moja ni ya aina nzima."

Mama Masalu akanitazama kuanzia kilemba mpaka kandambili. "Bibi, umesoma mpaka wapi?"

"La tatu. Sikulimaliza."

"Na umebadili mwenyewe, bila kuharibu kingine?"

Kabula akajibu, sauti imemrudia, kwamba picha zimekaa kando, hata bibi angeweka mbuzi, majina na masufuria yangebaki salama. Mama Masalu akaweka mkoba chini. Akasema kwao wapo wapishi ambao hata la kwanza hawakufika, nao wanataka kitu wanachoweza kukishika wenyewe. Wataichukua, ila bibi huyu asiisogelee.

Mtani hakuniachia fimbo mpaka nimtaje kila mtu ambaye sura yangu ilikaa kwenye jina lake. Nikawataja wote, kutoka juu ya ukuta hadi chini, na wale sita nikawataja na baba zao. Hapo ndipo hata waliokuwa wamenuna walipocheka.

Mwezi uliofuata kiti alichukua Mama Zuhura, mimi nimebaki na masufuria. Aikoni ya mwanachama sasa ni kilemba cha kanga, hakina sura. Ila simu ya Mama Zuhura bado imeshikilia picha ile ya zamani, na anamkataza Kabula kuifuta, kila asubuhi ananipigia kunisalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, wanachama wote." Nami siku hizi mtu akitaka kunipiga picha, namuuliza kwanza: hii ni yangu, au ni ya aina nzima?