Dakika Nne Ndani ya Jina la Sista

Kila siku saa tatu asubuhi Sista aliingia kazini, ingawa alikuwa nyumbani kwake, amesimamishwa.

Fundi ndiye aliyemwona. Ofisi yake ilikuwa chumba namba sita, nyuma ya stoo ya mashuka, alikokaa na seva. Kompyuta za mapokezi, famasi na maabara zilikuwa madirisha tu ya kuchungulia. Kazi yenyewe ilifanyika humu, ndani ya boksi jeusi lililonguruma kutwa kama mtu anayekoroma. Kwenye skrini ya Fundi kulikuwa na orodha ya walio ndani, na kila ilipogonga saa tatu, jina la Sista liliwaka kijani.

Alijua ni nani. Ni muuguzi mgeni wa mapokezi, aliyeonyeshwa karatasi iliyobandikwa chini ya kibodi yenye neno la siri la Sista. Lakini kujua kwamba kivuli ukutani ni cha shati lililoanikwa hakumzuii mtu kushtuka. Mwanamke yule alikuwa hayupo, na jina lake lilikuwa likifungua mafaili ya wagonjwa, moja baada ya jingine.

Fundi alianza maisha kwa kutengeneza redio. Hospitali ilimwajiri kwa ajili ya feni na mashine ya kuchemshia vyombo, na kompyuta zilipokuja wakamwambia, “Hizi nazo si ni umeme?” Akajifunza mwenyewe, usiku kucha na vitabu, mpaka ikawa hakuna anayejua seva ile kuliko yeye. Seva ilipowekwa, miaka miwili nyuma, aliomba mwezi mmoja ili kila mfanyakazi apewe jina lake na mipaka yake: wa famasi aone dawa, wa maabara aone vipimo, kila mtu abaki chumbani mwake. Katibu wa hospitali alitaka ianze Jumatatu.

“Mwezi? Wewe Fundi unajenga ikulu?” alicheka Katibu. “Sista ana jina linalofungua kila kitu, si ndiyo? Anayetaka faili zima aazime la Sista. Kwa muda tu.”

Kwa muda. Ofisi ngapi zimejengwa juu ya maneno hayo mawili, na watu wangapi wamezikwa chini yake! Ule muda ukawa miaka miwili.

Seva haikukubali watu wawili wenye jina moja. Akiingia wa pili, wa kwanza hutupwa nje. Kwa hiyo ikazuka desturi. Mtu wa famasi akitaka faili, alitoa kichwa mlangoni na kupiga kelele ukumbi mzima: “Sista, toka kidogo niingie!” Na Sista, mama mwenye miaka thelathini kazini na sauti ya kutuliza vichaa, alijibu: “Ingia, lakini usinivurugie nyumba!” Watu walicheka. Maana aliyeingia alikuta kila kitu kama mwenzake alivyokiacha, mafaili wazi, hata sentensi iliyokatika katikati. Adabu ilikuwa kuacha ulivyokuta.

Siku moja alikuja fundi viatu wa pale getini, amechomwa na msumari mguuni, mguu umevimba. Alimwambia Sista kwamba penisilini iliwahi kumzimisha utotoni, nusura afe. Sista akalifungua faili lake ili aandike. Simu ikalia, akageuka kuipokea. Aliporudi, skrini ilikuwa imemtupa nje. Hakushangaa, mtandao ule ulikuwa na vituko vyake. Akaingia tena, akakuta faili liko wazi, kishale kinapepesa mahali pale pa kuandikia, akaandika onyo lake lote. Fomu zote zilifanana, jina la mgonjwa likiwa juu pembeni kwa herufi za kuchungulia.

Onyo liliingia katika faili la mzee mwingine, aliyekuja kwa ngiri.

Kesho yake muuguzi wa zamu alifungua faili la fundi viatu, hakukuta onyo, akamchoma sindano ya penisilini. Kabla ya adhuhuri kigoda cha pale getini kilikuwa hakina mwenyewe.

Katibu aliitisha karatasi. Onyo limepatikana faili silo, na limeandikwa kwa jina la Sista. Nani mwingine? Akasimamishwa kwa uzembe, asubiri kikao cha nidhamu.

Siku ya tatu baada ya kifo hicho Fundi alifungua kumbukumbu za seva, zile zinazoandika nani ameingia, saa ngapi, kutoka kompyuta ipi. Alitaka kumsaidia Sista. Akasoma: saa nne na dakika kumi na nne, Sista, kutoka mapokezi, ametolewa. Saa nne na dakika kumi na nne, Sista, kutoka chumba namba sita, ameingia. Saa nne na dakika kumi na nane, ametoka.

Chumba namba sita.

Akakumbuka. Printa ya famasi ilikuwa imegoma, naye aliingia kwa jina la Sista aijaribu, bila kupiga kelele ukumbini, kwa sababu ni mara moja tu. Alifungua faili lolote lililokuwa karibu, akachapisha, akatoka. Faili aliliacha wazi.

Alizima skrini. Kwenye kioo cheusi aliona uso wake mwenyewe ukimtazama, akaiwasha skrini tena haraka.

Wiki ile Katibu akawa mkali kama pilipili. Sasa alitaka kila mtu afungiwe. Fundi akafanya kwa siku kumi kazi aliyoiombea mwezi: kila mfanyakazi jina lake, kila jina na rafu yake, asiye na ruhusa hata asijue kwamba faili lipo. Malalamiko yakamfuata hadi chooni.

“Fundi, umetufungia kama kuku!” alifoka mtu wa famasi. “Jana naona hospitali nzima, leo naona vidonge tu!”

“Si ndiyo kazi yako, vidonge?”

“Ndiyo, lakini macho nayo yalishazoea kutembea, bwana.”

Walicheka, Fundi akacheka nao. Jina moja tu hakuligusa. Kila alipoweka kidole alifungie, aliliona linafanya kazi, aliona herufi zikijaa ndani ya faili, na hakuweza. Ilikuwa kama kumfukuza mtu ambaye ameshafukuzwa.

Kulikuwa na jambo jingine, nalo ndilo lililomnyima usingizi. Seva ilitunza kumbukumbu hizo kwa siku thelathini tu. Siku ya thelathini na moja hufuta ya kwanza yenyewe, bila kuamriwa na mtu. Na kikao kilipangwa siku ya thelathini na tano. Fundi hakuhitaji kusema uongo. Hakuhitaji kufuta chochote. Alihitaji kukaa tu.

“Unakula kama unatafuna kamba,” mkewe alimwambia. “Baba watoto, una nini?”

“Kazi.”

“Kazi hailii usingizini. Wewe unalia. Jana umesema ‘toka niingie, toka niingie’ mpaka mtoto akaamka.” Akamwondolea sahani. “Mimi sikuulizi. Ila mficha uchi hazai.”

Siku ya ishirini na sita akaenda kumwona Sista. Alijisemea kwamba anakwenda kumweleza. Sista alimkaribisha kwenye kiti cha plastiki, akamletea maji, akamuulizia watoto mmoja mmoja, maana mdogo wao alipolazwa na homa ni yeye aliyekesha naye. Alikuwa amekonda. Mezani palikuwa na daftari la shule, lililojaa mwandiko wake.

“Hilo?” Fundi aliuliza.

“Ah, mambo ya kizee.” Akalifungua hata hivyo. Ukurasa kwa ukurasa ilikuwa sentensi moja: Mgonjwa ana mzio wa penisilini. Mgonjwa ana mzio wa penisilini. “Naandika nione kama mkono wangu unajua unachofanya. Maana niliandika, mdogo wangu. Naapa niliandika faili lake. Nililifungua mimi mwenyewe, jina lake nikalisoma. Halafu wananionyesha liko kwa mtu mwingine.” Akashusha sauti. “Mama yangu alianza hivihivi. Alianza kwa kusahau sufuria jikoni, akaishia kutusahau sisi. Niambie wewe unayezijua. Kompyuta inaweza kulihamisha faili mbele ya macho ya mtu?”

Hapo ndipo mlango ulipofunguka, na angeweza kuingia. Akatazama maji kwenye glasi.

“Haiwezi, Sista,” akasema. “Kompyuta peke yake haiwezi.”

Sista akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesomewa majibu ya vipimo. “Basi ni mimi.”

Fundi alirudi kwa miguu. Njia nzima alisikia nyuma yake hatua za mtu, na kila alipogeuka hapakuwa na mtu. Alikuwa amesema neno la kweli kabisa, na kwa neno hilo la kweli alikuwa amemwambia mwanamke mzima kwamba ni mwehu. Hakuna uongo mchafu kama huo.

Siku ya ishirini na tisa alichapisha ule ukurasa wa kumbukumbu, nakala tatu. Kisha akaliweka jina la Sista kwenye orodha ya waliofungiwa, bila kulifuta, na akaliangalia likizimika. Kesho yake saa tatu halikuwaka. Sauti ya muuguzi mgeni ilisikika ukumbini: “Jamani, Sista hafunguki!” Hakuna aliyecheka.

Kikaoni walikuwa watano na Katibu. Sista alikaa mwisho wa meza, mikono juu ya mapaja. Fundi hakuwa ameitwa. Aliingia na karatasi zake, akaomba kusoma, na akasoma akiwa amesimama, mistari mitatu tu.

“Ngoja,” alisema Katibu, akivua miwani. “Hicho chumba namba sita ni cha nani?”

“Changu.”

“Kwa hiyo aliyeingia…”

“Ni mimi. Nilibadilisha faili akiwa kwenye simu, nikaliacha wazi. Yeye aliandika alipopaacha. Nimejua siku ya tatu baada ya marehemu kufariki. Na jina moja kwa watu wote, hilo tuliliamua mimi na wewe, Katibu. Kwa muda.”

Katibu alivaa miwani yake tena. Mmoja wa wajumbe akaanza kuandika kwa kasi. Sista alinyoosha mkono, akapewa nakala. Alipitisha kidole chini ya kila mstari, mara mbili, na mabega yake yakashuka kama mtu aliyetuliwa ndoo. Kisha akainua macho kwa Fundi, na hayakuwa macho ya kusamehe wala ya kulaani.

“Siku ile ulipokuja kwangu ulikuwa unajua.”

“Nilikuwa najua.”

“Na zile dakika nne, ulikuwa unafanya nini humo?”

“Nilikuwa najaribu printa.”

Sista akaikunja karatasi mara mbili.

“Ilichapisha?”

“Ilichapisha,” alisema Fundi.